Sawa, Nimeona

Siku mdogo wangu alipofariki, simu yake haikujua. Iliendelea kulia juu ya kabati huku majirani wakipanga viti uani.

Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, amekuja likizo na pumu yake. Nyumbani na hata chuoni aliitwa Mtambo kwa sababu hazimiki. Alikula kwa mkono mmoja, wa pili ukijibu kundi lao la kazi ya chuo. Walikuwa wanane, na sharti lao moja: anayekaa kimya siku nzima, jina lake linafutwa kwenye kazi. Hata bafuni aliingia na simu, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Mama alikuwa akimuuliza kama huko chuoni wamesajiliwa wao au simu zao.

Tulipotoka kuzika, mama alisema neno moja tu.

"Jina la mwanangu lisifutwe. Sehemu yake kaimaliza, nilimwona."

Mimi ni fundi cherehani, niliishia kidato cha nne. Niliiweka simu karibu na mkasi nikaanza kuandika taarifa ya msiba. Haikuwa na nywila. Angepoteza muda kuifungua. Kabla sijamaliza sentensi, ujumbe ulikuwa umemiminika, wanauliza nani hajaona mabadiliko ya kichwa cha kazi. Nikafuta, nikaandika alivyozoea kuandika yeye: "Sawa, nimeona."

Wakashukuru.

Kesho yake nikaandika "sawa". Siku nyingine nikatuma kidole gumba, huku nakata kola. Mwenyekiti wao akamsifu mbele ya wenzake: "Mtambo, siku hizi uko vizuri. Hulalamiki." Wakacheka sana. Siku hiyo niliharibu suruali ya mteja.

Kisha wakatakiwa kwenda wote kuitetea kazi mbele ya mwalimu. Hapo "sawa" isingetosha. Nikaandika: "Mimi ni dada yake. Alifariki likizo. Mama anaomba jina lake libaki."

Wa kwanza akajibu, "Sawa, nimeona." Wa pili akatuma kidole gumba. Wa tatu akaandika, "Poa, ila usichelewe."

Halafu simu ikanyamaza. Sikuwahi kuisikia kimya namna ile. Ilipolia tena, alikuwa mwenyekiti, anapiga kwa sauti yake mwenyewe.

"Dada, siku ile niliposema halalamiki..."

"Alikuwa ameshazikwa."

Alilia bila kujificha. Baadaye akasema, "Mwambie mama jina halitoki."

Halikutoka. Kazi waliileta wenyewe nyumbani, imejalidiwa vizuri, jina lake ni la tatu. Mama aliwashika mikono mmoja mmoja, akawaambia wamekonda.

Simu ya Mtambo iko kwenye droo ya cherehani, imezimwa. Wenzake wanampigia mama kila Jumapili, wanapokezana, na akichelewa kupokea wanaanza kuulizana kwenye kundi kama yuko salama. Kwa hiyo siku hizi, Jumapili, mama anaingia kuoga na simu yake ndani ya mfuko wa nailoni.