Kitoweo cha Lori la Barafu

Jumatatu ya kwanza ya Wiki ya Sahani, Sihaba alichambua mchele, akakuna nazi, kisha akabaki ameikalia mbuzi yake bila kufanya lolote. Mchele ulikuwapo, tui lilikuwapo, kuni zilikuwa kavu. Kamba hawakuwapo. Na mbele ya banda lake, pale Bungu kando ya barabara ya kwenda kusini, ubao ulikuwa umekwisha andikwa kwa chaki: wali kwa kamba wa nazi, shilingi mia mbili.

Wiki ya Sahani ilikuwa fikra ya Bwana Wenceslaus, afisa biashara, mtu wa bara mwenye moyo mzuri na viatu visivyopatana na tope. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaambiwa auze anachoweza. Kila Aprili, kuanzia Bungu hadi Ikwiriri, kila mgahawa na kila banda la mama ntilie lilitangaza sahani moja na kuiuza kwa bei ileile wiki nzima. Kwa nini Aprili, katikati ya masika, wakati hata punda anafikiri mara mbili kabla ya kutia mguu barabarani? Kwa sababu yeye hakuuliza mtu, na watu wa pwani hawana tabia ya kumkatiza mgeni anapozungumza.

Mwaka huo kamati iliongeza sharti. Atakayeishiwa sahani yake au kupandisha bei kabla ya Ijumaa kwisha, hatapata kibanda katika safu mpya ya mabati pale stendi. Banda la Sihaba lilikuwa la makuti, na lilishapigwa alama nyekundu ya kubomolewa. Alikuwa mjane, na banda lile ndilo lililokuwa shamba lake, mume wake na kabati lake.

Kamba alikuwa ameahidiwa na Zaidi, kaka yake, mvuvi wa Nyamisati, aliyesema safari hii atawaombea wachache. Zaidi alifika asubuhi ile na kapu tupu.

"Kampuni imechukua wote, dada," alisema. "Hata kitoweo hawatoi siku hizi."

Hilo la kitoweo ndilo lililomuuma Sihaba kuliko yote. Kule delta, mto unapoingia baharini, tangu enzi za mababu, chombo kikivutwa pwani, yeyote aliyekitia mkono hupewa kitoweo, yaani gao lake la samaki au kamba. Awe ndugu, awe mpita njia, awe mtu aliyeshuka pwani kwa haja zake tu. Haombi, wala hashukuru. Kampuni ya kununua kamba ilipokuja na barafu yake ilileta mizani na karani wa kuisimamia, kijana aitwaye Felix, na tangu hapo kila kilichotoka majini kilikwenda kwenye mizani.

"Futa ubao," Zaidi alisema. "Andika kunde."

"Jina lishafika kwenye kamati. Maji nishayavulia nguo, kaka."

Akabandika majani ya kunde kwa tui, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwapo.

Saa tatu lori la barafu lililobeba kamba wa kampuni kutoka Nyamisati lilifika Bungu na kunasa tope mbele ya banda, magurudumu ya nyuma yakazama yote. Stendi nzima ikashuka. Wasafiri walisukuma, Mfaume fundi cherehani alisukuma na sindano zake begani, Sihaba akatia bega lake chini ya jina la kampuni. Lori lilipong'oka, Felix alitoa kichwa dirishani.

"Asanteni sana," alisema, na lori likaenda zake.

Watu walibaki barabarani kidogo, viganja vikiwa wazi kama kawaida yao. Kisha wakaenda kunawa tope.

Adhuhuri Sihaba alifunua sufuria na harufu ya kamba wa nazi ikajaa banda. Alionja. Kwa macho yalikuwa majani ya kunde, mdomoni walikuwa kamba wakubwa wa mkondo, watamu, na ule ukali wa chumvi chumvi unaobaki nyuma ya ulimi. Akaongeza pilipili, akaanza kupakua.

"Wametoa kitoweo," alisema Mfaume, akaomba sahani ya pili.

Kila aliyesukuma aliikuta ladha hiyo nyumbani kwake siku hiyo, kwenye ugali au kwenye uji wa mgonjwa. Lakini lori lilinasa palepale kila siku ya wiki ile, na Sihaba alilisukuma kila siku, kwa hiyo kwake haikukatika. Mabasi yaliyokwama yakamletea abiria. Watu walitoka Kibiti kwa miguu.

Jumatano Bwana Wenceslaus alifika, kwa kuwa mwenye mgahawa wa jirani alikuwa amelalamika kwamba Sihaba anauza majani kwa jina la kamba. Alikaa kwenye benchi, akala akiwa amefumba macho, akafumbua, akaangalia sahani, akafumba tena.

"Sharti linataja sahani na bei," alisema mwishowe. "Halijasema kamba waonekane. Nipe na ukoko, mama."

Ijumaa akaja Felix. Huko mjini mahoteli yalikuwa yamerudisha mzigo. Kamba walikuwa wakubwa, wekundu, wazuri wa kutazama, ila mdomoni walikuwa kama karatasi iliyolowa. Felix alionja kijiko kimoja cha kunde na kukiweka chini.

"Ladha hii ni mali ya kampuni," alisema.

"Ichukue, mwanangu. Ilishuka yenyewe, hakuna aliyeiba."

Felix alijaza ndoo, akaizungushia barafu, akaipakia. Alipofungua ndoo mbele kidogo njiani alikuta majani ya kunde matupu yaliyopoa, ladha ya kamba imetoka. Jioni alipopita tena kurudi Nyamisati, alimweleza Sihaba jambo hilo bila hasira.

"Mngetoa kitoweo, isingeshuka," Sihaba alisema.

"Mimi ni wa mizani tu, mama. Kitoweo hakimo katika utaratibu." Alikula sahani nzima, akalipa, akaondoka.

Magharibi ile wiki iliisha, na sufuria ya Sihaba ilikuwa bado na chakula. Alipewa kibanda cha kwanza katika safu, kinachotazama mabasi. Alifurahi hata akacheka peke yake akiosha masufuria, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu azike mume.

Kesho yake Zaidi alikuja na binti yake, Yasmini. Kampuni ilifika Nyamisati mwaka ambao Yasmini aliachishwa ziwa. Alikuwa amewaona kamba maisha yake yote, kwenye mizani na kwenye barafu, na hakuwahi kumtia hata mmoja mdomoni. Alikula polepole kiporo cha kunde za jana.

"Shangazi, ndivyo walivyo?"

"Ndivyo walivyo."

Zaidi, ambaye alikuwa amewavua kwa mikono yake, alisogeza sahani yake mbele ya mtoto. Aliona aibu.

"Basi nipe mbegu," Yasmini alisema.

Sihaba alimfungia kunde kavu kwenye pembe ya kanga. Zilipandwa Nyamisati, nyuma ya nyumba ya Zaidi, mahali chumvi haifiki, nazo ziliota vizuri. Majani yake yalipochumwa yalikuwa na ladha ya kamba, na majirani wakaja kuomba mbegu, wakapewa.

Jioni moja Felix alipita pale na kumkuta mtoto akihangaika na ndoo ya maji. Alimpokea, akamwagilia tuta zima, akamrudishia ndoo. Yasmini alichuma majani mkono umejaa, akamwekea kiganjani.

"Nimefanya nini?" Felix aliuliza.

"Umetia mkono. Hicho kitoweo chako."

Felix aliyapika usiku ule, akala, akalamba vidole. Asubuhi alikwenda pwani mapema. Ngalawa ya Zaidi ilikuwa ikivutwa, watu wengi wameitia mkono. Felix aliwasalimia wote kwa majina, akasimamisha mizani yake mchangani, akapima kamba wote, bila kubakiza hata mmoja wa kitoweo.