Kifungu cha Nne

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa kabati la jikoni, na aliyeiandika ni Babu mwenyewe, kwa wino wa buluu na mwandiko ule aliojivunia, kila herufi imekaa mahali pake kama spana kwenye sanduku. Chanzo chake kilikuwa mkwewe, dereva wa lori. Alirudi kutoka kliniki siku moja na maneno ya muuguzi: sukari imeanza kukunyemelea, na kama nyumba nzima haiachi soda, chipsi, keki na pipi, usijidanganye kwamba utaacha peke yako. Wiki hiyohiyo mjukuu aling'olewa jino la pili. Basi wakaketi mezani wote wanne, Babu, binti yake, Dereva na mjukuu, wakakubaliana kuacha kwa miezi mitatu.

"Makubaliano ya mdomo ni upepo," alisema Babu. "Tuandike."

Akaandika vifungu vitano. Cha nne alikisoma mara mbili kwa sauti, maana alikipenda kuliko vyote: *Kitamu chochote kitakachokutwa kimefichwa, mwenyewe atakifungua mbele ya wote na kukitupa, awe mkubwa awe mdogo.*

"Awe mkubwa?" mjukuu aliuliza.

"Awe mkubwa. Sheria ni msumeno, mama. Hukata mbele na nyuma."

Mtoto huyo wa miaka kumi akapewa kazi ya ukatibu, na jina likamganda: Katibu. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alipita chumba kwa chumba na daftari lake. Jumamosi ya kwanza alianza na mwenyewe. Alitoa chokoleti aliyopewa siku ya kuzaliwa, ambayo alikuwa akiimega kidogo kidogo ili isiishe, akaifungua mbele yao na kuitupa kwenye ndoo ya taka. Hakulia, ila aliitazama ile ndoo kwa muda mrefu. Jumamosi ya pili alipanda ndani ya lori akakuta chupa chini ya kiti.

"Hayo ni maji ya betri," alisema Dereva.

"Maji ya betri yana povu, baba?"

"Betri yenyewe ina gesi."

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta, na maji ya betri yakamwagwa kwenye sinki.

Jumamosi ya tatu Katibu alifika kwenye sanduku la spana la Babu, chini ya kitanda chake. Babu alikuwa sebuleni, miwani puani, akisoma gazeti. Aliposikia bati la sanduku likigongana na sakafu, alilishusha gazeti magotini.

Mtoto akatoka ameshika kipande cha kitambaa, na ndani yake pipi moja. Karatasi yake ilikuwa imepauka, lakini masikio yake mawili, zile ncha za pembeni, bado yalikuwa yamesokotwa imara.

"Babu," alisema, kwa sauti ndogo kuliko ya ukatibu. "Hii ni ya nani?"

Babu alikuwa ametumikia kiwanda cha peremende miaka thelathini na mmoja, fundi wa mitambo. Siku hizo harufu ya sukari inayochemka ilimtangulia nyumbani, na watoto wa mtaa walijua saa ya kutoka kazini kwa pua. Alipoanza, pipi zilifungwa kwa mikono. Wanawake arobaini walikaa kwenye meza ndefu, vidole vinakwenda kama mvua juu ya bati, na soga haziishi. Mmoja wao alitumia mkono wa kushoto. Wenzake walimwita Mashoto, na msimamizi alimnung'unikia kila siku, kwa kuwa pipi zake masikio yalisokotwa kinyume na za wengine wote.

Fundi kijana alikuwa amelala chini ya mkanda wa kusafirishia alipoiona moja kati ya mamia, masikio yake yanatazama nyuma. Akaichukua, akapita meza kwa meza akitafuta mkono ulioifunga.

"Vipi fundi, umepoteza nati?" Mashoto alimwuliza.

"Nimeokota pipi iliyovaa koti kinyume."

"Basi ni yangu. Nirudishie mwanangu."

Tangu siku ile, pipi zikipita mbele yake fundi alijua zipi ni za Mashoto, kama mtu anavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani kwao.

Kisha ikaja mashine ya kufungia. Ni fundi mwenyewe aliyeifunga sakafuni, bolti kwa bolti, na Ijumaa ile wanawake arobaini wakaambiwa wasirudi Jumatatu. Mashoto alifunga pipi ya mwisho, akaja nayo mpaka alipokuwa amesimama na spana yake, akaitia kwenye mfuko wa shati lake.

"Mashine yako ikiweza kusokota hivi," alisema, "uniambie."

Fundi alisubiri wiki tatu. Akafua shati, akaazima viatu, akaenda kwa akina Mashoto. Wazee walipomwuliza kilichomleta, alimtazama binti yao akasema, "Nimekuja kutoa taarifa. Haiwezi."

Waliishi pamoja miaka thelathini na minane. Sasa huu ulikuwa mwaka wa sita tangu amzike.

Hayo yote Babu aliyasema pale sebuleni kwa maneno machache sana, huku akisafisha miwani ambayo haikuwa na vumbi. Binti yake alikuwa ametoka jikoni na mikono yenye maji.

"Mama hakuwahi kuniambia kama ipo," alisema. Akamgeukia mtoto. "Irudishe ulipoitoa. Hiyo si pipi tena."

"Mimi nilitupa yangu," alisema Katibu.

Dereva alijikuna kidevu, akasema taratibu, bila utani wake wa kila siku, "Mzee, mimi sikuhukumu. Ila nitasema kweli. Hiyo ikibaki, kesho na mimi nitakuwa na yangu yenye hadithi. Najijua."

Babu aliutazama mlango wa kabati, pale kifungu cha nne kilipokuwa kimesimama kwa mwandiko wake mzuri. Alitamani kalamu ingekauka siku ile alipokiandika. Akanyoosha mkono, akapewa pipi.

Vidole vyake vilikuwa vimefungua nati maelfu. Alishika sikio moja akalizungusha kama alivyozoea, karatasi ikakaza, ikalia kidogo, na mpasuko mwembamba ukaonekana pembeni. Akaacha.

"Nitaichana," alisema. "Shika wewe."

"Kifungu kinasema mwenyewe."

"Andika kwamba mzee alisaidiwa na katibu."

Mtoto aliweka daftari chini, kalamu ikatoka kwenye mkono wake wa kushoto. Kwa mkono huohuo akalishika sikio, akalizungusha kuelekea alikoona ni sawa, na karatasi ikafunguka polepole bila kuchanika. Ndani pipi ilikuwa imesinyaa, imekuwa ya kahawia kama gundi kuukuu.

"Kunusa kumo kwenye vifungu?" Babu aliuliza.

Katibu alifikiri. "Hakumo."

Babu akainusa. Limau, kwa mbali sana, na chini yake ile harufu ya sukari inayochemka, na meza ndefu, na soga. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alikwenda mwenyewe mpaka kwenye ndoo, akaiangusha, nayo ikagonga chini kama jiwe.

Dereva alikohoa, akatoka nje. Mlango wa lori ukasikika. Alirudi na pakiti mbili za biskuti, akaziweka mezani mbele ya mkewe, akaanza kuzifungua.

"Na hizo ni spea za gari?" mkewe alimwuliza.

"Niache, mama. Leo usiniguse."

Katibu hakuwasikia. Alikuwa ameinyoosha ile karatasi juu ya paja lake, akaikunja tena ikiwa tupu, akasokota sikio moja, kisha la pili, akampa babu yake.

"Hii haina kitu ndani," alisema. "Inaruhusiwa."

Babu alivaa miwani, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Masikio yalikuwa yanatazama nyuma. Akaitia kwenye mfuko wa shati.