Rodi Nne Ndani ya Siki

"Gari la kunishinda mimi bado halijaundwa," alisema Kipimo asubuhi ile ya Jumamosi, kwa sauti ya mtu anayetaka na jirani asikie. "Likiingia hapa bubu, linatoka linaimba."

Jirani alisikia. Alikuwa Mama Cheche, mchomeleaji wa mageti na madirisha, ambaye karakana yake ilitenganishwa na ya Kipimo kwa ukuta usiofika juu. Alizima mashine, akainua barakoa yake, akajibu kutoka upande wa pili: "Likianza kuimba, jirani, nawe unyamaze kidogo tulisikie."

Kipimo si jina alilopewa na mama yake. Alilipata mtaani kwa ajili ya msemo wake wa kila siku, "Mimi napima mara moja tu," ingawa waliomjua vizuri walisema hiyo mara moja huja baada ya kukata mara tatu. Lakini tusimwonee. Mikono alikuwa nayo. Tatizo lake lilikuwa mdomo, ambao siku zote ulifika kazini kabla ya mikono.

Karakana yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya baba mkwe wake, marehemu, aliyekuwa akitengeneza mambo ya ndani ya magari: viti, milango, dashibodi, hata vitambaa vya darini. Mzee alipozikwa, mlango ulifungwa miaka miwili, na kutu ikahamia na familia yake yote. Kipimo, mume wa binti kitinda mimba, aliomba aingie. Akakuta jiliwa imeshikana meno kama mtu mwenye pepopunda, randa zimevimba, patasi nyekundu kama matofali, na cherehani ya ngozi ambayo panya walikuwa wameifanya nyumba ya ghorofa.

Alivifufua kimoja kimoja. Siki na chumvi usiku kucha, brashi ya waya asubuhi, msasa mchana, mafuta jioni. Nyumbani mkewe alimwambia, "Mume wangu, siku hizi ukinikumbatia natamani kachumbari." Hakujali. Chombo chochote cha chuma kilichomkaribia kilitumbukizwa kwenye kopo la siki kabla hakijaulizwa jina.

Mama mkwe alikuja, akaviangalia vile vyombo vinavyong'aa, akatikisa kichwa polepole.

"Sikiliza, mkwe wangu. Muuza matairi wa pale kona ananiomba hiki chumba tangu mwaka jana, na vyuma vyote hivi amesema atavibeba kama chakavu. Mimi ufundi siujui, ila kukaa najua. Hili gari la marehemu mwenzangu, yeye alilivua ndani lote akafa hajalivisha. Livishe wewe, kama angelivisha yeye. Siku nitakayokaa humo nikaridhika, funguo za karakana ni zako. Nisiporidhika, usininunie."

"Mama, utakaa na kushuka utakataa," akasema Kipimo.

Siku yenyewe ndiyo hiyo Jumamosi, saa kumi alasiri.

Hadi saa sita mchana kazi ilikuwa imekwisha, na haki ya Mungu ilipendeza. Ngozi ilikuwa ile ile ambayo mzee aliiacha imeviringishwa kwenye shuka, rangi ya chai iliyokolea, na ilitosha viti na milango minne, ikabaki vipande vya kufanyia viraka. Paneli za milango alizipima kwa karatasi, akazikata kwa plaiwudi, akazivisha sponji na ngozi, akazishona mshono wa mzee wa nyuzi mbili, kisha akazipachika kwa klipu mpya zilizouma kama mbwa mwenye deni la mfupa. Vioo alikuwa amevipandisha tangu asubuhi ili vumbi la kusagia chuma la Mama Cheche lisiingie kwenye gundi mbichi.

Likabaki jambo moja. Alitaka kuusikia mlango. Mzee alikuwa na kauli yake: mlango uliovishwa vizuri unasema "tup," uliovishwa vibaya unasema "kwacha." Kipimo akaketi kwenye kiti cha dereva, patasi bado mkononi kwa sababu alikuwa akipunguza ncha ya uzi, akauvuta mlango, wa mwisho uliokuwa wazi.

Tup.

"Umesikia hiyo?" akauliza, ingawa hapakuwa na mtu. Akatabasamu, akavuta kishikio ashuke.

Kishikio kilikuja chote, kwa urahisi, bila kugusa kitu. Akavuta tena. Kile kishikio kilikuwa kama mtu anayempungia mkono rafiki asiyemwona. Akajirusha kwenye kiti cha abiria, akavuta cha pale. Vilevile. Akapanda juu ya viti, akavuta cha nyuma kulia, cha nyuma kushoto. Vyote vilimpungia.

Ndipo akatazama mbele, kupitia kioo kikubwa. Juu ya meza ya kazi, hatua nne kutoka puani pake, lilikuwepo kopo la siki, na kutoka mdomoni mwake zilichomoza rodi nne. Ni vile vijiti vya chuma vyembamba vinavyounganisha kishikio cha ndani na kitasa. Zilikuwa na kutu kidogo. Alizitumbukiza jana. Akafunika milango bila kuzirudisha. Pembeni ya kopo, kwenye kitambaa safi, vilikuwa vimepangwa vile vishikizo vya kuzungushia vioo, vinne navyo, vimesuguliwa mpaka vinawaka.

Mwanzoni alicheka. Fundi akinaswa na kazi yake hucheka kwanza. Kisha akaacha kucheka akaanza kuhesabu njia.

Honi? Betri ilikuwa haimo. Kutokea nyuma hadi kwenye buti? Kiti cha nyuma alikifunga yeye mwenyewe kwa bolti sita, na spana zilikuwa zimelala mezani kwa safu, kubwa kwa ndogo, zinamtazama. Kuvunja kioo? Vioo vya gari lile havipatikani tena, na mama mkwe angeona tundu la kioo hata akiwa amelala. Kubandua paneli? Paneli hubanduliwa kwa kupitisha uma wa kung'olea klipu chini, na mlango ukiwa umefungwa, ukingo wa chini unakaliwa na fremu. Hakuna pa kupitisha hata kucha. Aliipima kazi hiyo mwenyewe. Mara moja tu.

Ilibaki njia moja, ya bure, ya sekunde mbili. Vishikio vya nje vilikuwa vizima kabisa. Angepaza sauti, Mama Cheche angekuja, angegusa mlango kwa kidole kimoja, na yeye angekuwa huru.

Lakini Mama Cheche! Mwaka jana, mpakaji rangi wa mtaa ule alianza kupaka sakafu ya duka kutoka mlangoni kuelekea ndani, akajikuta amesimama pembeni mwa ukuta kama kuku aliyenyeshewa, akingoja rangi ikauke. Mama Cheche alimwona mara moja tu. Hadi leo yule bwana anaitwa Kona. Wanawe wanaitwa watoto wa Kona. Mkewe akienda dukani huulizwa, "Kona hajambo?"

Na si jina tu. Habari hiyo ingempokea mama mkwe njiani kabla hajafika. Nani atamkabidhi karakana fundi aliyejifungia ndani ya kazi yake? Na nani atakubali kukaa ndani ya gari linalomeza watu? Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakupata kuishi jirani na Mama Cheche.

Akanyamaza.

Jua lilisogea likakaa juu ya bati. Joto likaanza kushuka, na gundi mbichi, iliyokuwa imejikalia kimya, ikaamka. Harufu ile ilimwingia puani, ikapanda machoni. Machozi yakaanza kumtoka bila huzuni yoyote. Shati likamgandia. Alilala chali, akalala kifudifudi, akaweka pua kwenye pembe ya kioo palipokuwa na upenyo wa hewa usiozidi unene wa sindano, akavuta hewa kama mtu anayekunywa soda kwa mrija uliopasuka. Mezani simu yake ililia. Mkewe. Simu ikatetemeka, ikacheza, ikajisogeza hadi kidole kimoja kutoka kwenye siki, ikanyamaza.

"Bora wewe," akaiambia.

Kadiri ilivyokwenda, gari lilizidi kuwa dogo. Dari aliyoivuta kwa mikono yake ikamshukia kichwani. Mishono aliyojisifia asubuhi sasa ilionekana kama ya gunia, na yeye ndiye shehena. Alipiga dashibodi kwa ngumi, si kwa nguvu, isije ikabonyea. Akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Baba," akamwambia marehemu, "gari ni lako. Mimi sina ugomvi na wewe. Binti yako nimemtunza. Vyombo vyako nimevisafisha. Nitoe, baba. Nitoe tu."

Marehemu hakujibu. Upande wa pili wa ukuta mashine ya Mama Cheche, iliyokuwa imenyamaza kitambo, ikarudi kunguruma.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na robo. Akaitazama patasi.

Ilikuwa patasi ya kwanza aliyoifufua. Ilinolewa mpaka inanyoa nywele za mkono. Akahamia nyuma, akachagua mlango wa kushoto, akatafuta pembe ya chini karibu na kitasa, mahali ambapo mama mkwe hangetazama sana. Mara tatu aliinua, mara tatu akashusha. Ngozi ile mzee aliitunza kwenye shuka kwa miaka mingi. Hakuna nyingine.

"Nisamehe," akasema, wala hakujua anamwambia nani, akachoma.

Ngozi ilitoa sauti ya mtu anayevuta mafua. Plaiwudi ikalia "ka!" na Kipimo akasikia ile "ka" mpaka kwenye magego. Akakoboa, akabomoa, akapitisha vidole viwili, akakwaruzika, akapapasa, akaupata ulimi wa kitasa, akauinua.

Mlango ukafunguka. Akaangukia nje kwa mabega, akalala pale sakafuni kwenye vumbi la mbao, akala hewa.

Kisha akafanya kazi kama mwizi mwenye haya. Milango ikiwa wazi, uma ulipita bila shida. Alizitoa rodi kwenye siki, akazifuta, akazipachika zote nne, akavirudisha vishikizo vya vioo, akagonga paneli zikakaa. Kwenye lile jeraha akagundisha ubao kwa ndani, na juu yake, kwa vipande vya ngozi vilivyobaki, akashona mfuko. Mfuko mzuri, tusidanganyane. Una mfuniko, una kifungo cha shaba, na mshono wa nyuzi mbili. Ukiutazama ungedhani ulichorwa hapo tangu mwanzo.

Mama mkwe alifika saa kumi kamili, mkoba kwapani, miwani machoni.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

"Gundi, mama. Kazi."

Alikaa nyuma, kushoto. Bila shaka kushoto. Akapitisha kiganja kwenye kiti, kwenye mlango, akifuata mshono kwa kidole kama anayesoma barua. Kipimo alisimama nje, mikono nyuma, akihesabu pumzi zake.

"Kama mkono wake," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. Halafu: "Na huu mfuko? Mbona uko mlango mmoja tu?"

"Ah! Huo ni wako, mama. Nilijua utakaa hapo. Nikasema, mama anavaa miwani, akisinzia safarini ataiweka wapi? Niliupanga siku ya kwanza kabisa, kabla hata sijakata ubao."

Mama mkwe alivua miwani, akafungua kifungo, akaitumbukiza. Ikaingia sawasawa. Akacheka kama msichana.

"Miaka thelathini na nane, baba yenu hakuwahi kunifikiria hivyo." Akafungua mkoba. Funguo zikalia kidogo ndani yake, zikatoka, zikaning'inia kidoleni.

"Hodi humu," sauti ikasema.

Mama Cheche aliingia, barakoa mkononi, akamwamkia mama kwa magoti nusu. Kisha akamgeukia Kipimo, na uso wake haukuwa na mzaha hata chembe. Kipimo hakuwahi kuuona hivyo, ukamtisha.

"Pole, jirani," akasema taratibu.

"Pole ya nini?" akauliza mama mkwe.

"Mama, una mkwe. Mchana nilikuja kumrudishia tupa yake. Nikamkuta kajifungia humu ndani ya gari la marehemu, paji kwenye usukani, machozi mpaka kidevuni, anasema, 'Baba, nitoe, baba.' Mie nikajua huyu msiba wake bado mbichi. Nikarudi kwa kunyata. Sijui mwanaume mwingine wa kumlilia mkwewe hivyo."

Mama mkwe alimtazama Kipimo, machozi yakimlengalenga. Kipimo aliona mlango umefunguka mbele yake tena, akaupita bila kuupima.

"Ni kweli, mama," akasema, akainamisha kichwa. "Nilizidiwa."

"Alizidiwa kweli," Mama Cheche akaitikia. "Maana roho haikunipa, nikaja kuchungulia mara ya pili. Ndiyo nikamwona ameshika patasi anauchoma mlango. Hapo niliogopa, mama. Nikasema, msiba umempanda kichwani."

"Anauchoma mlango upi?"

"Huo huo hapo ulipokaa. Huo wenye mfuko."

Mama mkwe alifungua kile kifungo cha shaba, akaitoa miwani yake, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa. Funguo bado zilikuwa kidoleni. Akainama hadi pua ikakaribia ngozi.

"Mkwe wangu," akasema, bila kuinua kichwa, "niletee bisibisi."