Bendera ya Jirani

Wiki ile jirani zetu wa Rwanda walipopiga kura kumwondoa mfalme wao, Theonest alivuka mto Kagera akiwa amembeba mama yake mgongoni. Nyuma yao nyumba ilikuwa ingali inafuka moshi, na baba yake alikuwa ndani. Kwa hiyo usimwambie Theonest habari za kura.

Huku Geita walipokewa na Mzee Mageni, mwenyekiti wa tawi la TANU, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na roho pana kuliko zizi lake. Aliwapa pa kujenga, akamkabidhi Theonest kundi lake lote achunge. Mama, Bibi Scolastika, alishinda uani akikohoa, akiwatolea wajukuu wa Mageni hadithi ambazo hawakuelewa hata neno moja.

Mwezi Juni mwaka sitini na mbili likaja tangazo la serikali. Jirani anapata uhuru tarehe mosi Julai, nasi tunampongeza. Wakimbizi wake wote wahamishiwe kambini, safari ya siku mbili kwa lori, wasije wakatuharibia ujirani. Ndivyo serikali zilivyo: jirani aliyeshinda hupelekewa salamu, na aliyeshindwa hupelekewa lori.

Mganga wa zahanati hakumficha Theonest. "Kifua cha mama hakitamaliza safari ile," alisema.

Mzee Mageni akaenda kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kuwaombea wabaki. Alirudi anacheka.

"Shikamoo, mzee," alisema Theonest.

"Marahaba! Amekubali, Theonest! Anataka tu aone huna ugomvi na serikali yenu mpya. Nikamwambia, huyo ndiye atakayetupandishia bendera ya kwao siku ya sherehe ya uhuru wao! Fundi Majaliwa ameshaishona. Sisi uhuru wetu tulicheza ngoma siku tatu, kwa nini wewe ukae na wako peke yako kama yatima?"

Hakuwa na hila hata chembe, na hilo ndilo lililomkaba Theonest. Angekuwa mbaya, angemtukana. Alimtazama mama yake anavyovuta pumzi, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mzee. Nitapandisha."

Theonest hakumwambia mama yake. Alikuwa mwoga, tuseme ukweli, akajidanganya kwamba mgonjwa wa uani hatajua.

Siku yenyewe Mageni akamharibia kwa wema. Alimleta Bibi Scolastika kwa mkokoteni wa ng'ombe, akamkalisha mbele kabisa kwenye kiti chake mwenyewe chenye mto, jirani na Bwana Shauri. Nyuma ya uwanja lori lilikuwa limeshapakia familia nne, likisubiri hotuba ziishe.

Theonest alishika kamba. Alimwona mama, naye mama alimwona. Akavuta. Nyekundu, njano na kijani zikapanda juu, rangi zilezile walizobeba watu waliokuja na mienge kuichoma nyumba yao. Wanawake wakapiga vigelegele. Alitamani ardhi immeze, lakini aliendelea kuvuta mpaka juu, akafunga fundo.

Bwana Shauri akampa mkono, kisha akatia sahihi kibali cha wao kubaki palepale juu ya goti.

Theonest alikimbia nacho. "Mama, tumeruhusiwa! Hupandi lori!"

Bibi Scolastika hakukitazama. Alimfuta mwanawe jasho la usoni kwa ncha ya kitenge, polepole, kama alivyomfuta utotoni.

"Umefanya hivi kwa ajili yangu," alisema kwa lugha yao. "Najua. Sikulaumu, mwanangu. Lakini mimi ni mke wa baba yako, na siwezi kukaa kwenye ardhi niliyopewa kwa bendera hii."

"Mganga amesema hutafika."

"Nimemsikia mganga."

Alinyanyuka, akashika fimbo yake, akaukata uwanja katikati ya wacheza ngoma, ambao walimpisha wakidhani amefurahi na anataka kucheza. Alipofika kwenye lori akashindwa kupanda. Akamgeukia mwanawe aliyemfuata nyuma, akasema, "Nibebe."

Theonest akambeba. Alikuwa mwepesi kuliko siku ile ya mtoni.

Mzee Mageni alifika anahema, mkononi ameshika kibali walichokiacha kitini. "Nimekosea wapi, Theonest? Niambie nilipokosea!"

 Theonest alimkabidhi fimbo ya kuchungia, akamwambia yule ndama mwekundu bado hajanyweshwa, kisha akapanda akaketi kando ya mama yake.