Cheti cha Uziwi

Katika foleni ya kupimwa masikio, mshonaji alikuwa mzazi pekee aliyekuja kuomba habari mbaya. Mwalimu mkuu alikwisha kumpa masharti: alete cheti kwamba bintiye hasikii, ahamishiwe darasa maalumu la watoto kumi; la sivyo, Jumatatu amtafutie shule nyingine. "Kiziwi nitamsaidia," alisema. "Mkaidi simwezi." Katika darasa la sasa, lenye watoto themanini, wenzake walimwita Redio Mbovu.

Mpimaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwingiza mtoto katika kijumba kisichopitisha sauti, akampa kitufe cha kubonyeza kila asikiapo mlio. Mshonaji alichungulia kwenye kioo. Kila kidole kilipobonyeza, alizidi kuvunjika moyo. Mtoto hakukosa hata mlio mmoja.

"Hongera, mama. Masikio mazima kabisa."

"Dada yangu, hebu rudia. Huyu namwita mara tano haitiki!"

"Mle ndani kuna kimya. Sauti moja, kazi moja. Darasani zinamwingia zote kwa mkupuo, akili haijui ishike ipi. Shida iko kwenye umakini, si sikioni."

"Basi andika hivyo."

"Kipimo chake hatuna. Fomu yangu ina visanduku viwili: anasikia, hasikii."

"Niandikie hata uziwi kidogo. Wa sikio moja tu."

"Wenzako hulia wakiupata, wewe unaniomba?"

Akagonga muhuri. Mshonaji akakumbuka masikio hayo alivyoyafinya mwaka mzima, kila mtoto alipotumwa uzi akarudi mikono mitupu. Alikuwa ameshika tumaini moja: kwamba yalikuwa mabovu.

Mlango wa kijumba ukafunguliwa, lakini mtoto hakutoka.

"Mama, njoo tukae humu," alisema. "Humu nakusikia."

"Haya, toka, binti," alisema mpimaji. "Wenzako wanangoja."

Kwenye ujia palikuwa na vikohozi, milango ikibamizwa, karani akiita majina, na toroli lenye gurudumu linalolia. Mshonaji aliikunja fomu mara nne, akaitia kifuani. Kisha, akiwa hatua moja tu nyuma ya bintiye, alisema kwa sauti ya kawaida:

"Nisamehe, mwanangu."

Mtoto aligeuka upesi, akalitazama gurudumu, si mama yake.

Mshonaji hakurudia.