Globu ya Ukumbi wa Temeke

Mimi ni msomi wa shule ya jioni, na cheti changu nimekitundika mahali ambapo mgeni hawezi kukaa kabla hajakiona. Ndiyo maana mashine ya sinema ilipoletwa ukumbini kwetu Temeke, nilikabidhiwa mimi, mzee wa mvi, niiendeshe na kuwaeleza watu picha, kwa kuwa picha zetu hazisemi.

Globu ilikuwa moja tu. Nyingine ilikuwa njiani, melini. Bwana Anselmo, karani wa kumbi, alinionya: "Mzee Adelard, hiyo ikiungua kabla ya meli kufika, mashine inakwenda Ilala. Wenzenu wana globu ya akiba."

Nikatumia elimu. Kila dakika isiyowaka, nikafikiri, globu inaongezewa uhai. Kwanza nikaacha kuitazama picha kabla ya onyesho, ingawa ndiyo desturi yangu. Kisha nikaamua kuzima taa kila penye upuuzi, utepe uzunguke gizani, nami nieleze kwa mdomo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Katika picha, kijana alikuwa akimpelekea mama yake dawa ng'ambo ya mto. Alipoanza kutembea, nikazima.

"Sasa anatembea," nikasema.

"Mzee, mie nimekuja na macho!" akapaza sauti Zubeida, muuza bajia. "Washa!"

Nikawasha. Kijana akakutana na binti kisimani. Nikazima.

"Wanasalimiana kwa adabu."

"Kama ni kwa adabu, umezima nini?"

Ukumbi ukacheka. Nikawasha, nikazima, nikawasha. Kijana akaingia mtoni, maji yakamfika kifuani, na globu ikalia pa! Sasa najua kwamba kuwashwa na kuzimwa ndiko kunakoiua. Imeandikwa katika kijitabu cha mashine, ambacho sikukifungua kwa kudhani ni cha wasiosoma.

"Ikawaje?" wakauliza gizani.

Sikujua. Lakini msomi hasemi hajui.

"Akafa maji," nikasema, "kwa kuwa hakujifunza kuogelea."

Jirani yangu Auleria akaangua kilio.

Mashine ikaenda Ilala. Jumamosi iliyofuata nusu ya Temeke ikaifuata kwa miguu. Mimi nikabaki nyumbani na cheti. Kesho yake asubuhi Zubeida alisimama mlangoni.

"Shikamoo, muuaji."

"Marahaba," nikaitika, maana salamu ni salamu.

"Kijana kavuka, mama kapona, na yule wa kisimani kaolewa. Na Auleria keshamwombea marehemu misa!"

"Picha ya Ilala," nikaanza, "huenda..."

"Nyamaza, mzee. Meli imefika, mashine inarudi. Sie tumemwambia Bwana Anselmo: wewe endesha, Auleria aeleze."

Nimekubali. Naendesha kimya, taa ikiwaka mwanzo hadi mwisho. Auleria naye, kabla picha haijaanza, huwaahidi watu kwamba hakuna atakayekufa. Juzi tulionyesha picha ya kuangamiza mbu, na bado aliahidi.