Siku za Wageni Darasani

Mimi sina dogo, niseme mapema. Mtu akiniudhi saa mbili asubuhi, saa mbili na nusu ameshapata vidonge vyake, na saa tatu tumeshasahau, tunacheka. Ndivyo nilivyoweza kukaa na watoto wa chekechea miaka ishirini na minane bila kupata presha. Kwa hiyo chuo cha ualimu kiliponiletea yule kijana, nikamwona anainama kuingia mlangoni na bado akajigonga kichwa, sikujizuia. Nikamwambia mbele ya watoto, "Baba, hapa ni darasa la watoto wadogo. Wewe umetumwa kuezeka paa?"

Watoto wakavunjika mbavu. Na yeye akacheka, mkono kichwani, na kabla ya kengele ya mapumziko walikuwa wameshambatiza Mwalimu Twiga.

Alikuja kufanya mazoezi ya kufundisha, wiki sita. Wanachuo nilikuwa naletewa tangu zamani, na jambo hilo lilinitia fahari kuliko hata mshahara. Waliopita mikononi mwangu walikuwa tisa, na wote tisa walifaulu. Huyu wa kumi hakuwa kama wao. Siku ya pili, tukiwa tunakata maboksi kutengeneza namba, alinieleza bila kuzunguka.

"Mwalimu, mimi mwaka jana nilianguka. Mkaguzi aliandika kwamba darasa langu ni soko. Safari hii nikianguka tena, chuo kinanifukuza. Ndiyo sheria yao."

"Ukifukuzwa utafanya nini?"

"Mjomba ana gereji. Lakini mimi sitaki gereji." Akakata namba nne, ikatoka kombo. "Nataka hapa."

Mtu wa futi sita na ushee, amekalia kiti cha mtoto, magoti yamekaribia masikio, anasema anataka hapa. Jamani, nilimpenda palepale kama wa kumzaa. Nikaapa moyoni kwamba huyu lazima afaulu, hata kwa kumbeba mgongoni.

Darasani alikuwepo Bibi Mkubwa. Alikuwa na miaka mitano, na jina hilo nilimpa mwenyewe kwa ule mwendo wake: mikono nyuma, anazunguka chumba kizima kukagua, hamsalimu mtu. Alikuwa hasemi, labda neno moja kwa wiki. Kila asubuhi tulianza na wimbo wa kupiga makofi, na kila asubuhi, kabla kofi la kwanza halijalia, alikuwa ameshaingia chini ya meza ya vitabu, mikono masikioni. Wenzake wakihesabu vizibo vya soda, yeye anavipanga kwa rangi, mstari mrefu toka ukutani hadi mlangoni, na ole wako ukiugusa. Atalia mpaka majirani watoke nje. Mimi nilikuwa nimeshamzoea. Ungeniuliza nilikuwa namfundisha nini, ningekujibu kwamba nilimwacha kwa amani, na niliona huo ni wema mkubwa.

Twiga hakumsumbua, lakini hakumwacha. Wiki ya kwanza alilala kifudifudi sakafuni karibu na ile meza, miguu imefika kwenye ubao, akawa anapanga vizibo vyake mwenyewe bila kusema kitu.

"Mwanangu," nikamwambia, "suruali hiyo atafua nani?"

"Mimi mwenyewe, Mwalimu."

Wiki ya pili akaja na kadi alizochora kwa mkono: kengele, wimbo, vizibo, kikombe cha uji, mlango wa kwenda nyumbani. Akazibandika ukutani kwa mfuatano wa siku yetu, chini kabisa, kwenye kimo cha mtoto aliyekaa. Wimbo nao akaubadilisha. Badala ya kupiga makofi, watoto wakawa wanasugua viganja na kuimba kwa kunong'ona. Nikamwambia hiyo ni kwaya ya wagonjwa. Lakini watoto thelathini na wanane wakinong'ona kwa pamoja, we acha tu, mwili unasisimka. Siku ya tatu ya kunong'ona, Bibi Mkubwa alitoa mikono masikioni. Hakutoka chini ya meza. Alitoa tu mikono, akaanza kusugua viganja na yeye.

Nilitoka nje nikajifanya napenga kamasi.

Ungedhani hapo nilishajifunza. Wapi!

Kuna jambo ambalo baadhi yetu walimu tunalijua na hatulisemi. Siku ya mgeni kuja kukagua, mtoto msumbufu huwa haonekani. Mmoja anatumwa mahali, mwingine anaambiwa apumzike nyumbani. Mimi sikuwahi kumrudisha mtoto kwao, roho yangu ilikataa. Mimi niliwapeleka jikoni kwa Mpishi, waoshe vikombe. Na kwa wanachuo nilifanya hivyo kwa huruma. Mtoto wa watu ameandaa somo lake siku nne, kwa nini aharibiwe maisha na kelele za dakika mbili? Wote tisa niliwasaidia hivyo, na sikuona aibu hata chembe.

Basi asubuhi ya ukaguzi, Twiga akiwa ndani anapanga vizibo kwenye visahani, mimi nilimpokea Bibi Mkubwa getini nikampitisha nyuma ya jengo.

"Nikae naye mpaka lini?" Mpishi akauliza.

"Mpaka mgeni aondoke."

Mpishi akaguna. "Yule mrefu anajua?"

"Hana haja ya kujua. Wewe mpe vikombe."

Bibi Mkubwa akatumbukiza mikono kwenye povu, akatulia. Nikajiambia, si unaona, mwenyewe anapenda.

Mkaguzi wa chuo alikuwa mama mmoja wa makamo. Wanachuo walimwita Mama Baridi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Ndiye yuleyule aliyeandika habari ya soko. Akaketi nyuma ya darasa, akapanga kalamu nne mezani, akafungua faili, akatoa ya tano ya kuandikia. Nikaketi pembeni yake, roho juu.

Twiga alianza vizuri, sauti imetulia. Watoto wakanong'ona wimbo wao, kisha akaita majina. Alipofika kwa Bibi Mkubwa akatazama chini ya meza. Akainama, akatazama tena.

"Mwenzenu yuko wapi?"

Kabla sijafumbua mdomo, kitoto kimoja cha mstari wa mbele, chenye mdomo kama redio, kikajibu, "Yuko jikoni! Mwalimu amempeleka. Siku za wageni yeye ni wa jikoni."

Twiga akanitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Niliona tu uso wake unashuka, kisha akamgeukia mkaguzi.

"Samahani, Mwalimu. Naomba nikamlete mwanafunzi wangu."

"Umeshaanza kipindi," Mama Baridi akasema. "Kuacha darasa katikati ya kipindi ni kosa. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Akatoka.

Kalamu ikaanza kuandika. Nikaiona gereji ya mjomba waziwazi, hadi na mafuta machafu ya sakafuni. Ningeweza kunyamaza. Kosa lingebaki la kwake, na mimi ningebaki mwalimu asiye na doa. Lakini nimeshasema mimi sina dogo, na siku ile hasira zangu zote zilinigeukia mwenyewe.

"Mwalimu, futa hilo," nikasema. "Kosa ni langu. Mtoto nimemficha mimi. Yeye hakujua kitu."

"Umemficha kwa nini?"

"Ili kijana afaulu."

Akaweka kalamu chini. "Umewafanyia wangapi hivi?"

"Tisa."

"Na wote wakafaulu."

"Wote."

"Wako wapi sasa?"

"Wanafundisha."

"Na mkaguzi akienda kwenye madarasa yao, wanafanyaje?"

Jibu nilikuwa nalo. Mmoja wao, binti mchangamfu sana, nilikutana naye dukani likizo iliyopita. Akanikumbatia, akaniambia huku anacheka, "Mwalimu, ile mbinu yako ya jikoni imeniokoa mara tatu!" Na mimi nikacheka naye, nikajiona ndiye mwalimu wa walimu. Madarasa tisa, jamani. Watoto wangapi wamesimama kwenye masinki kwa ajili yangu, sijui na sitajua. Machozi yalinitoka palepale, mtu mzima na miwani yangu, mbele ya watoto thelathini na saba.

Mama Baridi hakunipa hata leso.

Mlango ukafunguka. Bibi Mkubwa alitangulia, mikono nyuma, na Twiga anamfuata hatua tatu nyuma bila kumgusa. Akaenda moja kwa moja ukutani, akaweka kidole kwenye picha ya kengele, akakipitisha kwenye wimbo, akakisimamisha kwenye vizibo. Alipojua tumefika wapi akaingia chini ya meza yake, akaanza kupanga mstari wake wa vizibo.

Sitii chumvi, somo halikuwa zuri. Walikuwa wanajifunza namba tatu. Wawili walipigania kisahani. Mmoja akakanyaga mstari wa Bibi Mkubwa, na kilio kikaanza, kile kilio chenyewe cha kutoa majirani nje. Twiga hakupaza sauti. Alipiga magoti, akauanza upya mstari kwa kizibo kimoja, kisha cha pili, huku anawaonyesha wengine kwa mkono namna ya kuuruka. Watoto wakaanza kuruka mmoja mmoja, vidole juu, wamejikaza wasicheke. Mama Baridi akatazama saa yake. Dakika mbili nzima, na mimi nilizeeka zote mbili. Kisha kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikaisha.

"Haya," Twiga akasema polepole. "Kila mtu anionyeshe vitu vitatu."

Watoto wakatawanyika. Vitabu vitatu, viatu vitatu, kile cha mdomo kama redio kikaleta wenzake watatu kikiwavuta kwa mashati. Bibi Mkubwa akatoka chini ya meza. Akapita katikati ya vurugu hadi nyuma kabisa, akasimama mbele ya Mama Baridi, akazitazama zile kalamu nne. Akachukua moja. Tatu zilizobaki akazisogeza kwa kidole zikae sawasawa. Akaondoka na ile ya nne, akarudi chini ya meza.

Mama Baridi alikuwa ameshanyoosha mkono kuidai. Mkono ukabaki hewani kidogo, halafu akaurudisha mapajani.

Watoto walipokwenda kunywa uji, alituita barazani sote wawili.

"Nimekukata alama za kuacha darasa," akamwambia Twiga. "Sheria ni sheria, siwezi kufuta. Umefaulu kwa kuzidi alama mbili tu."

Twiga alikaa chini sakafuni, kwa urefu wake wote, akafunika uso. Nikamshika bega. Hakulitoa, na hilo tu lilinitosha.

"Na wewe," Mama Baridi akanigeukia, "nakuondoa kwenye orodha ya kupokea wanachuo. Mwakani nitakuja siku nitakayoijua mwenyewe. Nikiwakuta wote ndani, tutazungumza."

Nikamwambia ni haki, na nilimaanisha.

Saa ya kwenda nyumbani mama yake Bibi Mkubwa alikuja kumchukua kama kawaida. Ni fundi wa cherehani, mama mpole, wa kusimama pembeni ya geti mpaka wengine waishe. Nilikuwa naona aibu hata kumsogelea, lakini nilipiga moyo konde.

"Mama, leo nilimpeleka mwanao jikoni mgeni asimwone. Na si leo tu. Kila mgeni akija nimekuwa nikifanya hivyo. Nimekukosea, na yeye nimemkosea. Nisamehe."

Nilijiandaa kutukanwa. Yeye akawa anamfunga mtoto kamba za viatu.

"Najua, Mwalimu," akasema. "Anarudi kifua kimelowa, mikono inanuka sabuni ya vyombo. Mkileta ile barua ya kwamba kesho kuna mgeni, watoto waje nadhifu, mimi namvalisha ile sare iliyopauka."

"Kwa nini hukuniambia kitu, mama yangu?"

"Shule mbili kabla ya hapa hatukuvuka hata geti. Nyinyi mlimpokea." Akakaza fundo. "Niliogopa nikisema mtaniambia nimhamishe."

Mimi, mwenye vidonge vya kumpa kila mtu, nilichuchumaa pale chini karibu yao, magoti yananiuma, nikawa natazama vidole vya yule mama.

"Nilimshonea moja nzuri, mwaka jana tulipoanza," akasema. "Ya siku za wageni. Kola nyeupe. Hajaivaa hata mara moja, nadhani imeshambana."

"Mvalishe kesho," nikasema. "Kama inambana, achia pindo. Mvalishe tu."

Akaniangalia. "Kesho kuna mgeni?"

"Hakuna," nikamwambia. "Mimi nataka kumwona nayo."